Kwaya Yetu Si Pambo la Ukumbi



Kila muhula klabu yetu hupata mialiko ya aina moja. Mara ni siku ya utamaduni wa kimataifa, mara ni chakula cha jioni cha wafadhili, mara kuna mgeni wa heshima anayekuja chuoni. Waandaaji huuliza kama kwaya ya Kiswahili inaweza kuimba nyimbo mbili. Masharti hayabadiliki: nyimbo ziwe fupi, ziwe za furaha, na tuvae vitenge. Hakuna anayeuliza nyimbo zenyewe zinasema nini. Tukimaliza tunapigiwa makofi, kisha chakula kinaletwa.

Hatuna ugomvi na vitenge, wala na chakula. Tunachokataa ni wazo lililojificha ndani ya mialiko hiyo, kwamba kwaya ni pambo la ukumbi, kama maua ya mezani. Tunasikitika kwamba wazo hilo limeanza kuingia hata ndani ya klabu. Katika mkutano wetu uliopita tulipendekeza kwamba muhula ujao kwaya ijifunze "Nkosi Sikelel' iAfrika" pamoja na "Mungu Ibariki Afrika" kwa sauti nne, na kwamba kila tutakapoimba tuwaeleze wasikilizaji historia ya wimbo huo kama wimbo wa kudai haki. Pendekezo liliahirishwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya maneno matatu: kwaya isiingie siasa.

Tunaandika makala haya kujibu maneno hayo matatu. Maoni yetu ni kwamba kwaya na okestra zimekuwa njia ya kudai haki katika mji huu huu tunaoishi, na pia katika nchi walikotoka wazazi wetu. Anayesema kwaya isiingie siasa amechelewa, maana iliingia zamani. Lililobaki ni kuamua tunaimba nini, tunaimba wapi na tunamwimbia nani.

Pasaka ya mwaka 1939

Tuanze karibu. Wengi wetu tumefika Lincoln Memorial mara nyingi, tukiwapeleka shangazi na wajomba waliokuja kututembelea ili wapige picha. Wachache wetu huwaambia wageni hao kwamba ngazi zile zimewahi kuwa jukwaa la mwimbaji aliyenyimwa ukumbi.

Marian Anderson, mzaliwa wa Philadelphia mwenye sauti ya kontralto, alikuwa ameshaimba katika kumbi kubwa za Ulaya. Hapa Washington maonyesho yake yalikuwa yakiandaliwa na Chuo Kikuu cha Howard, na wasikilizaji walikuwa wakiongezeka mwaka hadi mwaka. Mwaka 1939 Howard walihitaji ukumbi mkubwa zaidi. Uliofaa ulikuwa Constitution Hall, mali ya Daughters of the American Revolution (DAR), chama cha wanawake wa koo za waliopigania uhuru wa Marekani. DAR wakakataa, kwa kuwa jukwaa lao lilikuwa la wasanii weupe tu. Bodi ya shule za mji nayo, ilipoombwa ukumbi wa shule ya weupe, ikaleta vikwazo.

Eleanor Roosevelt, mke wa rais, alijiuzulu uanachama wa DAR. Viongozi wa NAACP na wa Howard hawakukata tamaa. Harold Ickes, waziri aliyesimamia ardhi na hifadhi za taifa, akaidhinisha onyesho lifanyike nje, mbele ya sanamu ya Lincoln. Tarehe 9 Aprili 1939, Jumapili ya Pasaka, watu wapatao 75,000 walikusanyika, na wengine wengi wakasikiliza kwa redio.

Tazameni aliimba nini. Aliimba wimbo wa kizalendo wa Marekani, kipande cha opera ya Donizetti, "Ave Maria" ya Schubert, na nyimbo za kiroho za watu weusi. Hakuna hata mmoja uliowataja DAR. Mtu angeisoma orodha ile gazetini angedhani ni onyesho la kawaida la muziki wa klasiki. Madai yake yalikuwa mahali pengine kabisa: katika swali la nani amefungiwa mlango, katika ngazi alizosimama, na katika umati uliosimama bega kwa bega, weusi kwa weupe, katika mji ambao shule zake zilikuwa bado zinawatenga watoto kwa rangi.

Kuna jambo moja dogo ambalo sisi wanafunzi wa lugha hatuwezi kuliacha lipite. Katika wimbo ule wa kizalendo, pale ambapo maneno yaliyozoeleka yanasema "mimi" ninaimba, Anderson aliweka "sisi". Alibadilisha nafsi tu. Kwa Kiswahili yangekuwa mabadiliko ya silabi moja: toa ni-, weka tu-. Kila mwanafunzi wa muhula wa kwanza anaijua jedwali hiyo ya viambishi, na huenda ameichoka. Siku ile silabi kama hiyo ilitosha kusema kwamba nchi hii ina wenyewe wengi kuliko wenye ukumbi walivyodhani.

Misa mbili na rais mmoja

Mfano wa pili unahusu kwaya na okestra pamoja. Kennedy Center, jumba la sanaa lililo kando ya mto Potomac, lilifunguliwa tarehe 8 Septemba 1971 kwa kazi mpya ya Leonard Bernstein iitwayo "Mass". Wakati huo vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea. Rais Nixon hakuhudhuria ufunguzi. Nyaraka za FBI zilizotolewa baadaye zinaonyesha kwamba Ikulu ilionywa kuwa huenda maneno ya Kilatini yana ujumbe uliofichwa wa kupinga vita. Kwetu sisi wanaosoma lugha ambayo majirani zetu wengi hawaielewi, habari hiyo inachekesha na kufikirisha. Mwenye mamlaka anaweza kuiogopa kwaya kwa sababu tu haelewi inachoimba.

Januari 1973 Nixon alikuwa anajiandaa kuapishwa kwa muhula wa pili. Mwezi mmoja kabla, Desemba 1972, ndege za Marekani zilikuwa zimeipiga Hanoi kwa mabomu. Tarehe 19 Januari, usiku wa kuamkia kuapishwa, kulikuwa na onyesho rasmi Kennedy Center. Okestra ya Philadelphia, ikiongozwa na Eugene Ormandy, ilipiga "1812" ya Tchaikovsky, kazi maarufu kwa mizinga yake. Baadhi ya wanamuziki wa okestra ile walikuwa wameomba wasishiriki.

Usiku huo huo, kwenye kilima kaskazini-magharibi mwa mji, Bernstein aliongoza kwaya na wanamuziki katika Washington National Cathedral. Walichoimba ni misa ya Haydn ya mwaka 1796, iliyotungwa Austria ilipokuwa vitani na Ufaransa, na jina lake lenyewe linasema ni misa ya wakati wa vita. Karibu na mwisho, maneno ya kuomba amani yanaimbwa huku ngoma za okestra zikigonga chini yake, kama hatua za askari wanaokaribia. Kanisa lilijaa, na maelfu wengine walisimama nje katika baridi ya Januari wakisikiliza.

Kwa hiyo usiku mmoja, katika mji mmoja, kazi mbili zilizozaliwa na vita vya enzi ya Napoleon zilipigwa kwa nia zinazopingana. Moja ilisherehekea ushindi, nyingine iliomba amani. Hakuna aliyebeba bango ndani ya kanisa, na hata hivyo hakuna aliyekosa kuelewa. Makubaliano ya Paris yalitiwa saini siku nane baadaye, tarehe 27 Januari. Hatudai kwamba Haydn ndiye aliyeyaleta, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yameanza miaka mingi kabla. Tunachodai ni kidogo na kina uhakika zaidi: watu waliochukizwa na vita walipata mahali pa kusimama pamoja, na rais alijua wako wangapi.

Kwetu je?

Wapo watakaosema, "Hayo ni ya Wazungu na Wamarekani. Sisi ni klabu ya Kiswahili." Hoja hiyo tunaiheshimu, na jibu lake liko katika pwani yetu wenyewe. Taarabu ni muziki wa okestra. Ikhwani Safaa ya Zanzibar iliundwa mwaka 1905, na fidla, udi na kanuni zimekaa pamoja katika vikundi vya taarabu kwa vizazi kadhaa. Tena si muziki wa harusi peke yake. Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu tunaousoma darasani, aliimba habari za mji wake pamoja na uonevu wake. Wimbo wake juu ya Kijiti unasimulia mauaji ya mwanamke mjamzito, na jinsi muuaji alivyotoroka ilhali waliojitokeza kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Wasikilizaji wa Ng'ambo hawakuhitaji kuelezwa kwamba wimbo ule ulikuwa unaishitaki mahakama ya kikoloni. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Upande wa kwaya, wimbo tulioupendekeza ndio mfano mkubwa kuliko yote. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu katika shule ya misheni karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga "Nkosi Sikelel' iAfrika" kwa ajili ya waimbaji wa kwaya, akautia katika noti za solfa, zile zile za do-re-mi ambazo wazazi wetu walifundishwa na walimu wa kwaya wa Moshi, Bukoba, Maseno na Bukavu. Haukuhitaji piano wala okestra. Januari 1912 uliimbwa katika mkutano wa kuanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC, na mwaka 1925 chama hicho kiliufanya wimbo wake rasmi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, muziki huo ulipewa maneno ya Kiswahili na kuwa wimbo wa taifa. Watoto wa Tanzania wakawa wanauimba kila asubuhi shuleni, huku Afrika Kusini ukiendelea kuwa wimbo wa watu waliokandamizwa.

Lakini si sala tu? Ndiyo, ni sala, na hapo ndipo penye nguvu yake. Wanafunzi wa sarufi, litazameni jina la toleo la Kiswahili: "Mungu Ibariki Afrika". Kiambishi i- kinasimama badala ya Afrika, na kitenzi kinaelekezwa kwa Mungu moja kwa moja. Gavana hayumo katika sentensi, wala mfalme wa Uingereza, wala mwenye mgodi. Mtu anayeombea bara zima bila kumtaja mtawala wake ameshasema jambo juu ya mtawala huyo.

Na mji wetu una sehemu yake katika historia hiyo. Tarehe 21 Novemba 1984 Randall Robinson, Mary Frances Berry na Walter Fauntroy waliingia ubalozi wa Afrika Kusini kwenye Massachusetts Avenue, wakakataa kutoka, wakakamatwa. Kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya hapo, watu walikuja mbele ya ubalozi karibu kila siku, wakiandamana, wakiimba, wakikamatwa. Walikuwemo wabunge, wachungaji na wanafunzi wa vyuo vya eneo hili. Oktoba 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya vikwazo dhidi ya Afrika Kusini, likiishinda kura ya turufu ya Rais Reagan. Basi la mjini hupita mbele ya jengo hilo. Tungependa mwanachama yeyote anayepanda basi hilo ajue anapita wapi.

Kwaya inaweza pia kumtumikia mkubwa

Hapa tunalazimika kuwa wakweli, maana walimu wetu wangetukosoa tusingekuwa. Kwaya haina wema wa kuzaliwa nao. Waliokua Kenya katika miaka ya 1980 wanakumbuka kwaya kubwa za shule, za mashirika na za idara za serikali zilizoimba sifa za Rais Moi na falsafa ya Nyayo katika sikukuu za taifa. Nyimbo zilipangwa vizuri kwa sauti nne, waimbaji walikuwa hodari, na redio ya taifa ilizirudia mpaka watoto wakazijua kwa moyo. Baadhi ya wazazi wetu wanaziimba hadi leo wakiosha vyombo, kisha wanacheka kidogo, kisha wananyamaza.

Katika miaka hiyo hiyo, Februari 1982, Ngũgĩ wa Thiong'o na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walitaka kuonyesha "Maitũ Njugĩra", mchezo uliojaa nyimbo za kazi na za upinzani wa enzi ya ukoloni. Milango ya Kenya National Theatre ilifungwa. Wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kufanya mazoezi, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi hayo mpaka nayo yakazuiwa. Mwezi Machi ukumbi wao wa wazi huko Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa.

Weka kesi hizo mbili pamoja, na ile ya Constitution Hall, utaona kipimo tunachokitafuta. Uzuri wa sauti hautuambii lolote, kwa sababu kwaya za Nyayo zilikuwa na sauti nzuri. Hata maneno hayatoshi, kwa sababu Marian Anderson aliimba Schubert. Maswali yanayotusaidia ni haya: Nani amefungiwa mlango? Nani amechagua wimbo? Na mwimbaji anaweza kupoteza nini kwa kuuimba? Kwaya inayochaguliwa nyimbo na mwenye ukumbi, na isiyopoteza lolote kwa kuziimba, imeshaingia siasa. Imeingia upande wa mwenye ukumbi.

Ndiyo maana hatukubali kwamba kuimba nyimbo mbili za furaha, kwa vitenge, bila maelezo, ni kukaa nje ya siasa. Mtu anayetualika tuipambe sherehe yake anapata kitu kutoka kwetu. Anaonekana mwenye mikono miwili ya kuipokea Afrika, hata kama mwaka huo huo amepunguza madarasa ya lugha za Kiafrika.

Hofu zilizo za kweli

Kuna pingamizi tatu tulizozisikia ambazo hatutaki kuzipuuza.

Ya kwanza ni ya makaratasi. Baadhi ya wanachama wako hapa kwa viza ya mwanafunzi. Wengine ni raia, lakini mzazi au kaka yao bado anasubiri majibu ya maombi yake. Kwao onyesho la hadhara si mchezo. Zamani watu walisema kwamba katika kwaya hakuna anayeonekana, sauti ya mmoja inamezwa na sauti za wengi. Siku hizi kila mtu ana simu, na kila simu ina kamera. Hatuwezi kumwahidi mtu usalama ambao hatuna uwezo wa kumpa. Historia yenyewe inatukumbusha kwamba wanamuziki hulipa. Mstislav Rostropovich, aliyeiongoza National Symphony Orchestra ya hapa Washington kuanzia mwaka 1977 hadi 1994, aliwahi kumpa Solzhenitsyn hifadhi nyumbani kwake. Aliondoka Urusi mwaka 1974, na mwaka 1978 serikali yake ikamvua uraia. Alirudi Moscow na okestra yetu mwaka 1990, baada ya miaka kumi na sita. Mwanamuziki mwenye jina la dunia nzima alilipa hivyo, sembuse mwanafunzi wa mwaka wa pili?

Ya pili ni ya imani. Wazazi wetu wengi wanaimba katika kwaya za makanisa ya Silver Spring, Hyattsville na Baltimore, na wanaona kwamba wimbo wa Mungu usichanganywe na mabango. Wanachama wetu Waislamu nao wameuliza, kwa haki, kwa nini klabu ya Kiswahili iimbe misa. Tunawajibu kwamba hatupendekezi misa. Tunapendekeza wimbo ambao Watanzania wa dini zote wameuimba tangu uhuru, na tungefurahi sana kama taarabu ingepata nafasi sawa na kwaya katika klabu yetu. Kwa wazazi wetu tunasema kwa heshima: wimbo wa Sontonga ulitoka shule ya misheni, na waliouimba katika miaka ya dhiki hawakuona kwamba wamemwacha Mungu nyumbani.

Ya tatu ni kwamba muziki wa sauti nne si wetu, uliletwa na wamisionari. Ni kweli uliletwa. Lakini kitu kilichofundishwa kwa zaidi ya miaka mia, kikatungiwa nyimbo na walimu wetu, kikaombolezea maiti zetu na kuozesha dada zetu, kitaendelea kuitwa cha mgeni mpaka lini? Kwaya nyingi za Tanzania na Kenya huimba "Haleluya" ya Händel kwa Kiswahili, na hakuna bibi anayeuliza Händel ni nani kabla hajasimama kuimba naye. Lugha yetu yenyewe imepokea maneno ya Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiingereza, na hatuirudishi bandarini kwa sababu hiyo.

Kukaa, kuondoka, au kuimba

Swali la kwaya na mamlaka si la historia tu. Februari 2025 Rais Trump alichukua uenyekiti wa bodi ya Kennedy Center. Wasanii kadhaa walifuta maonyesho yao, na mwimbaji wa opera Renée Fleming na mwanamuziki Ben Folds wakaacha nafasi zao za ushauri. Wengine waliamua kubaki na kuendelea kuimba, wakisema jukwaa lisiachwe tupu. Sisi wenyewe tunaoandika hapa hatukubaliani kuhusu nani alifanya vyema. Wenzetu wawili wanaona kwamba ukimya wa msanii husikika mbali. Wengine wanaona kwamba Anderson alishinda kwa kuimba, si kwa kunyamaza. Tunachokubaliana ni kwamba wote hao, waliobaki na walioondoka, walilifikiria jukwaa lao kabla ya kulipanda. Hilo ndilo tunaloliomba kwa klabu yetu.

Kwa hiyo tunarudisha pendekezo letu, safari hii likiwa na vipengele vinne.

Kwanza, kwaya ijifunze "Nkosi Sikelel' iAfrika" na "Mungu Ibariki Afrika" kwa sauti nne. Tunaomba walimu wetu watutafutie msemaji wa Kixhosa wa kuturekebisha matamshi, kwa sababu kuimba lugha ya mtu ovyo ni utovu wa adabu.

Pili, kila tutakapoalikwa, kwaya ichague yenyewe angalau wimbo mmoja, na mwanachama mmoja apewe dakika mbili kueleza umetoka wapi na uliimbwa na nani. Mwandaaji asiyeweza kutupa dakika mbili ataweza kutafuta maua.

Tatu, kila onyesho la hadhara liwe la hiari. Mwanachama atakayesema hataki kupanda jukwaani asiulizwe sababu, wala asisutwe. Kazi zipo: kufundisha matamshi, kuandika maelezo, kushika vitabu vya nyimbo. Na video isiwekwe mtandaoni mpaka kila anayeonekana ameridhia.

Nne, tarehe 9 Aprili twende Lincoln Memorial, wanaoweza kwenda, tukisha kufuata taratibu zote za mahali pale. Tuimbe nyimbo hizo mbili chini ya ngazi, na tuwaambie watalii waliosimama karibu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, nani aliimba hapa mwaka 1939 na kwa nini aliimbia nje.

Mkutano ujao wa klabu una ajenda fupi, tumeshaiona. Tunamwomba mwenyekiti aliweke jambo hili juu kabisa, kabla ya habari za vitenge, na wanachama waje wamejiandaa kupiga kura. Sauti ya pili bado inahitaji watu watatu, na besi inahitaji yeyote.